Dawa za Jadi Hazina Budi Kupimwa



Kila yanapozungumzwa mambo ya dawa za jadi, watu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la baadhi ya wasomi, ambao wakisikia habari za mizizi na magome hucheka, kwa kudhani kwamba dawa haiwi dawa mpaka itoke ng'ambo ikiwa ndani ya kisanduku. Kundi la pili ni la wale wanaoamini kwamba lolote lililoachwa na mababu ni tiba kamili, na kwamba kulihoji ni kuwavunjia wazee heshima. Makundi haya huonekana kuwa mahasimu, lakini kwa hakika yanafanya kosa lile lile. Yote mawili yanatoa hukumu kabla ya kupima.

Historia ya dawa ya malaria iliyopatikana China inatoa fundisho kubwa katika jambo hili. Inafaa isimuliwe kwa ukamilifu, maana wengi huitaja nusu nusu, kila mtu akichukua kipande kinachompendeza.

Mwaka 1967 Vietnam ya Kaskazini ilikuwa vitani na Marekani. Huko misituni askari walikabiliwa na mabomu kwa upande mmoja na malaria kwa upande mwingine, na klorokwini, dawa iliyokuwa ikitegemewa ulimwenguni, ilikuwa imeanza kushindwa. Vietnam iliomba msaada kwa China. Tarehe 23 Mei mwaka huo mkutano uliitishwa mjini Beijing, na kutokana na tarehe hiyo kazi ya siri iliyoanzishwa ikaitwa Mpango 523. Wanasayansi zaidi ya 500 kutoka taasisi zipatazo 60 walishirikishwa. Baadhi yao walitafuta kemikali mpya, na wengine waliagizwa kuchunguza hazina ya tiba ya jadi.

Mwaka 1969 Bibi Tu Youyou, mtaalamu wa madawa katika Taasisi ya Tiba ya Jadi ya China, aliteuliwa kuongoza kikundi cha utafiti. Yafaa kuangalia namna alivyoianza kazi hiyo. Hakuanza kwa kusifu wala kwa kubeza. Alisoma vitabu vya kale na kuwahoji waganga wazee, akakusanya maelezo ya tiba yapatayo 2,000, kisha akachagua 640 na kuyaweka katika kijitabu kimoja. Baada ya hapo kikundi chake kilitengeneza dondoo zaidi ya 380 kutoka mimea ipatayo 200, na kuzijaribu kwa panya walioambukizwa malaria. Vimelea hivyo vya malaria ya panya, inafaa ikumbukwe, viligunduliwa kwa mara ya kwanza katika jimbo la Katanga, nchini Kongo, mwaka 1948. Hivyo Afrika nayo ilikuwa na mchango wake katika kazi hiyo tangu mwanzo.

Mmea mmoja wa jamii ya pakanga, ambao Wachina huuita qinghao na wanasayansi huuita Artemisia annua, ulionyesha matumaini. Hata hivyo, jaribio liliporudiwa, nguvu yake haikuonekana tena. Mtu mwenye haraka angeutupa mmea huo. Bibi Tu alirudi kwenye vitabu, na katika maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4 akakuta maelekezo ya kuuloweka mmea katika maji, kuukamua na kunywa maji yake. Hapakuwa na agizo la kuuchemsha, ingawa dawa nyingi za mitishamba huchemshwa. Ndipo alipofikiri kwamba huenda moto ndio unaoiharibu dawa. Akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo la nyuzi 35 hivi. Tarehe 4 Oktoba 1971 dondoo iliyopewa namba 191 iliangamiza vimelea vyote katika damu ya panya, na baadaye ikafanya hivyo hivyo kwa nyani.

Hapa pana jambo la kutafakari. Je, ni kitabu cha kale kilicholeta ushindi, au ni maabara? Bila ya kitabu, maabara isingejua kosa lilikuwa wapi. Bila ya maabara, maneno ya Ge Hong yangebaki rafuni kwa miaka mingine 1,600, na watu wangeendelea kufa.

Mwaka 1972, kwa kuwa kulikuwa na shaka kwamba dawa ingeweza kudhuru, Bibi Tu na wenzake wawili waliinywa wao wenyewe kwanza, wakiwa chini ya uangalizi hospitalini. Walipoonekana salama, dawa ilipelekwa kisiwa cha Hainan na kujaribiwa kwa wagonjwa 21, nao wakapata nafuu. Mwishoni mwa mwaka huo kiini chenyewe cha dawa kilitengwa kikiwa katika hali ya chembe safi. Leo kinajulikana kama artemisinini.

Lakini kupima si kazi ya siku moja. Mwaka 1973 tembe za kwanza zilizotengenezwa kutokana na kiini hicho hazikuwaponya wagonjwa kama ilivyotarajiwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba dawa haikuwa na kosa. Tembe zilikuwa ngumu mno, hazikumeng'enyuka tumboni. Kiini kilipotiwa katika vidonge vya ganda laini, kilifanya kazi. Hali kadhalika ilionekana kwamba artemisinini hupiga vimelea kwa kasi kubwa lakini hutoka mwilini baada ya saa chache, na vimelea vilivyobaki huweza kuzaana upya. Kwa sababu hiyo inahitaji mwenzi anayekaa mwilini muda mrefu. Mmoja wa wenzi hao, lumefantrini, ulipatikana katika Mpango 523 huo huo. Muungano wa dawa hizo mbili ndio dawa mseto ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2006 kama tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali, baada ya klorokwini kuachwa mwaka 2001.

Ama kuhusu malaria kali, jaribio lililochapishwa mwaka 2010 lilihusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo. Nusu yao walipewa kwinini, na nusu walipewa artesunati, ambayo ni mtoto wa artemisinini. Katika kila watoto 1,000 waliopewa kwinini walikufa 109. Kwa waliopewa artesunati walikufa 85. Tofauti hiyo ya watoto 24 isingejulikana kwa kubishana vijiweni. Ilijulikana kwa kuhesabu. Mwaka 2015 Bibi Tu alitunukiwa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Ndugu, kuna upande wa pili wa historia hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 zaidi ya wanawake mia moja nchini Ubelgiji waliharibika figo baada ya kupewa vidonge vya kupunguza unene vilivyotiwa mitishamba ya Kichina. Mimea miwili yenye majina yanayofanana ilikuwa imechanganywa, na mmoja wao, wa jamii ya Aristolochia, una sumu ya figo inayoweza pia kuleta saratani. Mmea huo nao ulikuwa wa jadi. Haukuua kwa siku moja, na ndiyo maana hata mganga mwaminifu angeweza kuutumia miaka mingi asitambue madhara yake. Wale wasemao kwamba kitu cha asili hakidhuru hawana budi kuwakumbuka wanawake wale.

Hapa Tanzania kazi ya kupima haikuanza leo. Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kiliundwa Muhimbili mwaka 1974, kikapandishwa na kuwa taasisi kamili mwaka 1991. Mwaka 2002 ilitungwa sheria ya tiba asili na tiba mbadala, iliyounda Baraza la kusimamia shughuli hizo. Milango ipo. Linalotakiwa ni watu kuipita, na watumishi wa umma kutoiziba kwa urasimu na dharau. Mganga anayekuja na mmea wake apokewe kama mwenye elimu. Mmea uandikwe jina lake la kienyeji na la kisayansi, pamoja na mahali ulipochumwa na namna unavyotayarishwa. Na haki yake ilindwe kwa maandishi. China yenyewe iliitangaza artemisinini kabla ya kuwa na sheria ya hataza, na sehemu kubwa ya faida ya biashara ikaishia kwa makampuni ya nje. Taifa lisiloandika mali yake halina la kudai.

Walimu nao wana wajibu. Mwanafunzi afundishwe kwamba kuuliza "umejuaje?" si utovu wa adabu. Afundishwe pia kwamba kunywa chai ya majani ya pakanga si sawa na kumeza dawa mseto, maana kiasi cha dawa katika chai ni kidogo na hakina kipimo, na Shirika la Afya Duniani limeonya dhidi ya matumizi hayo. Mgonjwa aliyeandikiwa dawa mseto amalize dozi zote 6 za siku 3, hata kama homa imetoka siku ya kwanza.

Jambo hili si la kuahirisha. Vimelea vyenye usugu wa sehemu dhidi ya artemisinini viliripotiwa Rwanda mwaka 2020, Uganda mwaka 2021, na baadaye vimeonekana katika mkoa wa Kagera. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Dawa ile itakapochoka, kama klorokwini ilivyochoka, nyingine itabidi itafutwe. Huenda inayotafutwa imo katika kumbukumbu ya mzee fulani kijijini, na huenda haimo. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na kila mmoja anayeondoka bila ya kuandikwa anaondoka na jibu la swali hilo.

Bibi Tu hakumwabudu Ge Hong, wala hakumdharau. Alimsoma kwa makini, kisha akampima. Kazi hiyo hiyo ndiyo inayowangoja watumishi na walimu wa nchi hii.