Hotuba juu ya Kuwalinda Wazee Wasionewe

Wazee wangu, nanyi mama zetu, na vijana mlioacha majembe mkaja kusikiliza: nimeombwa niseme mbele yenu habari ya wazee wanaoonewa, na jinsi vyama vyetu viwezavyo kuizuia dhuluma hiyo kabla haijafika. Najua habari hii si tamu kwa siku za furaha. Lakini jubilei ni hesabu ya miaka, na walioiona miaka hiyo kwa macho yao ni hao wazee; basi ni haki wasemewe leo.

Kwanza tujue kwamba wazee wanazidi kuwa wengi. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba watu wa miaka 60 na zaidi katika Tanzania walikuwa 2,507,568. Katika hesabu ya mwaka 2022 walikwisha pita milioni tatu. Tena Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika ulimwengu wote, kwa kila wazee sita, mmoja hivi huonewa kwa namna fulani katika muda wa mwaka mmoja. Msidhani mambo hayo ni ya nchi za mbali tu.

Labda mtu atauliza, Kuonewa ndiko kupi? Wengi wetu tukisikia neno hilo twafikiri fimbo. Fimbo ipo, lakini kwetu mara nyingi dhuluma haina kelele. Mzee ananyimwa chakula mpaka wengine wamekwisha kula. Bibi analelewa na wajukuu watoto, maana wazazi wao wameshuka Morogoro mjini au Dar es Salaam kutafuta kazi, na fedha wanazomtumia kwa simu hupokewa na kijana mwingine, asimwonyeshe hata shilingi. Babu anashikwa dole gumba lake likatiwa wino, likapigwa katika karatasi asiyoweza kuisoma. Baadaye aambiwa kwamba ameuza shamba.

Juu ya mashamba sharti niseme zaidi kidogo, kwa kuwa katika milima ya Uluguru jambo hili lina mzizi wake. Ninyi mwajua kwamba kwa desturi ya Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama. Mume aliyehamia kwa mkewe hulima shamba la ukoo wa mke. Miaka arobaini analipanda migomba, analijengea matuta, analizoea kama kiganja cha mkono wake. Mke akifa, huenda jamaa za mke wakamwambia, Mzee, rudi kwenu. Kwao wapi? Wajomba waliomjua wamekwisha kufa, na vijana wa ukoo wake wamekwisha ligawa shamba alilokuwa na haki nalo. Upande wa pili, mzee akitaka kuwaachia wanawe mwenyewe kipande alichokinunua kwa jasho lake, wapwa wake husema ni mali ya ukoo. Hivyo mzee anakuwa kama mpaka wa mashamba mawili: kila mmoja anamkanyaga. Desturi yenyewe siishitaki. Ilikuwa na hekima yake, na wanawake wengi wa milimani imewapa ardhi ambayo wenzao wa nchi nyingine hawakuipata. Naishitaki tamaa inayojificha ndani ya desturi, hasa huku chini karibu na mji, ambako shamba la jana ni kiwanja leo.

Na liko neno moja baya kupita yote, nalo ni neno la uchawi. Tutazame kidogo mbali na milima yetu, tufike Usukumani. Huko, hasa katika miaka ya 1990 na iliyofuata, wazee wengi waliuawa kwa neno hilo. Mtaalamu wa uchumi kutoka Marekani, Edward Miguel, alichunguza vijiji 67 katika wilaya ya Meatu, akaandika habari zake mwaka 2005. Aliona kwamba mwaka mvua ilipokosa au ilipozidi kiasi, mauaji ya waliodhaniwa wachawi yaliongezeka mara mbili, lakini mauaji ya namna nyingine hayakuongezeka. Waliouawa karibu wote walikuwa wanawake wazee, na mara nyingi wauaji walikuwa jamaa zao. Mnaona? Ghala ilipokuwa tupu, ndipo bibi alipoonekana mchawi. Njaa ilitafuta kinywa cha kupunguza.

Mkoa wetu haukuwa na mauaji mengi namna ile. Lakini tusijisifu upesi. Kusini kwetu, katika nchi ya Ulanga na Kilombero, imekuwako desturi ya kuwapeleka watu kwa waganga wanyolewe nywele ili uchawi uwatoke. Wasema ni afadhali kunyolewa kuliko kuuawa, na kweli ni afadhali. Hata hivyo mama mwenye miaka sabini aliyepelekwa kunyolewa kwa shauri la wanawe, hurudi nyumbani na uso gani? Tena wako wazee waliopotewa na kumbukumbu kwa ugonjwa, watokao nje usiku bila kujua waendako. Asubuhi mtu akimkuta bibi amesimama uani kwake, hasemi, Mgonjwa huyu. Asema, Amekuja kuniroga. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 yamhesabia kosa mtu amtajaye mwenzake kuwa mchawi, lakini ni wangapi kijijini wanaoijua?

Basi vyama vyetu vifanye nini? Wenzetu wa Magu walikwisha tuonyesha njia. Chama chao kiitwacho MAPERECE, kwa msaada wa HelpAge International, kiliwafundisha watu wa vijijini sheria ya mirathi na ya ardhi, wapate kuwasaidia wazee katika mabaraza. Kilieneza majiko yapunguzayo moshi, kwa kuwa macho mekundu ya wanawake waliopika miaka mingi kwa moshi yalihesabiwa alama ya uchawi. Hata waganga hawakuachwa nje, waliitwa wazungumze. Mimi hilo la majiko lanipendeza kuliko mengine yote. Hotuba kama hii yangu haiondoi wekundu wa macho, jiko laweza.

Kwetu vyama si haba. Tuna jumuiya ndogo ndogo, tuna vikundi vya kuweka na kukopa, tuna vyama vya kufa na kuzikana. Neno langu kubwa ni hili: dhuluma ya mzee hukaa mahali ambapo mlango umefungwa wala hapana mtu wa nje aliye na haki ya kubisha hodi. Kazi ya chama ni kuipata haki hiyo mapema, siku ya amani, kabla ya ugomvi. Chama kikiwa na desturi ya kumtembelea kila mzee wa kitongoji mara mbili kwa mwezi, tajiri kwa maskini, hapana mwana atakayesema, Mbona mmekuja kwangu kunichunguza? Waende wawili, mmoja wao mwanamke, wasiwe wa ukoo wake. Wasimwulize mbele ya watu, Waonewa? Atajibu, La. Wamwulize, Jana ulikula nini, na nani? Simu yako anayo nani? Shamba la mtoni mwaka huu limelimwa na nani? Majibu ya maswali hayo yatosha.

Vyama vya kuzikana navyo vijiulize. Mzee akifa twachanga sanda, jeneza na ubani, na mchele wa matanga haukosi. Mwezi uliotangulia alikosa uji, na kitabu cha chama hakina ukurasa wake. Ni shida gani kuweka sehemu ndogo ya mchango kwa walio hai? Kadhalika siku ya 1 Oktoba, ambayo ni siku ya wazee ulimwenguni, twapeleka sabuni na sukari katika makazi ya wazee ya Fungafunga mjini hapa, twapiga picha, twarudi. Sabuni ni njema. Lakini wazee walio wengi hawako Fungafunga, wako nyuma ya nyumba zetu.

Nasi Waluguru tunao watani. Mtani anayo ruhusa ambayo hata mwenyekiti wa kijiji hana: aweza kuingia msibani akamwambia mfiwa mbele ya watu, Ninyi mlimwua kwa njaa, wala hapana wa kukasirika. Mbona twaingoja siku ya msiba? Chama chenye busara kimtume mtani mzee angali hai, aseme kwa mzaha lililo kweli. Mwana atacheka, lakini usiku atafikiri.

Maana iko hatari moja. Wengine wana bidii bila akili. Wakisikia mzee ameonewa, huenda kumfokea mwana barabarani. Wao hurudi makwao, na mzee hubaki na yule mwana mpaka asubuhi. Mzee aogopa kumpoteza mwana kuliko aogopavyo ngumi. Tena si kila mkosaji ni mwovu. Binti amwinuaye mama yake kitandani usiku na mchana, peke yake, mwaka wa tatu, siku moja atampiga kofi. Huyo apewe mapumziko: wanawake wa jumuiya wamshike mgonjwa siku moja kila juma, binti aende sokoni, alale, aone watu. Lakini palipo na damu, au njaa ya makusudi, au neno la uchawi lililokwisha semwa hadharani, pasiwe na kungoja: habari ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji, kwa afisa wa ustawi wa jamii, na kwa polisi, siku ile ile.

Juu ya ardhi, mzee asitie dole gumba katika karatasi yo yote bila mashahidi wawili wa chama, na mmoja wao ajue kusoma aisome kwa sauti, mara mbili. Na mjue kwamba tangu mwaka 2021 baraza la kata halihukumu tena kesi za ardhi. Hupatanisha tu, na wasiopatana hwenda baraza la wilaya. Wengi wamepoteza nauli kwa kutojua hilo. Naona baadhi yenu kutoka Mgeta na Matombo mmekuja na karatasi zenu mkononi. Tukae hapa chini ya mwembe tuzisome moja moja.