Mashine Hupewa Kazi, Haipewi Dhamana

Katika makampuni yanayotengeneza programu za kompyuta yumo mtumishi mmoja ambaye cheo chake hakivumi nje ya ofisi. Huyu ni meneja wa bidhaa. Si yeye mwenye kampuni, wala si yeye anayeandika programu; lakini ndiye anayeamua kitengenezwe nini, kwa ajili ya nani, na kitoke lini kwenda kwa watu. Mafundi humtazama, wauzaji humwuliza, wakubwa humwamrisha. Leo amri inayomfikia kutoka juu ni ile ile karibu kila mahali: tia akili bandia katika kazi, na uitie upesi.

Hapana ubaya katika amri hiyo. Ubaya huanza pale meneja anapoitii kama tarishi, akapeleka barua bila kujua kilichoandikwa ndani. Hapana budi ieleweke tangu mwanzo kwamba akili bandia si programu kama zile zilizozoeleka. Programu ya kawaida hufuata kanuni iliyoandikwa na fundi. Akili bandia imejifunza kutokana na mifano mingi mno, na hujibu kwa kukadiria lipi laelekea kufaa. Aghalabu hupatia. Lakini ikikosea, hukosea kwa sauti ile ile ya uhakika.

Je, ikikosea, nani huwajibika? Swali hili lilijibiwa huko Kanada. Mnamo Novemba 2022 abiria mmoja aliyefiwa na bibi yake aliiuliza mashine ya kujibu wateja, katika tovuti ya shirika la ndege la Air Canada, juu ya nauli nafuu ya wafiwa. Mashine ikamweleza kwamba angeweza kusafiri kwanza, kisha akaomba punguzo hilo katika muda wa siku 90. Masharti halisi ya shirika hayakuruhusu hivyo, na alipoomba alinyimwa. Shauri likafika mbele ya baraza la madai madogo la jimbo la British Columbia. Huko shirika likatoa hoja ya ajabu, kana kwamba mashine ile ni mtu mwingine, anayewajibika kwa matendo yake mwenyewe. Februari 2024 baraza liliikataa hoja hiyo, likaliamuru shirika limlipe abiria kiasi cha dola 812 za Kanada, riba na gharama zikiwamo.

Fedha hizo haziwezi kulitikisa shirika la ndege. Lililo kubwa ni funzo lake: kabla mashine haijasimamishwa mbele ya umma, lazima awepo mtu ambaye kazi yake ni kulinganisha maneno ya mashine na masharti ya shirika, na ambaye atajibu yakitofautiana.

Kisa cha pili ni cha Amazon. Kuanzia mwaka 2014 kampuni hiyo ya Marekani ilijaribu kuunda mashine ya kuchambua maombi ya kazi. Ikafunzwa kwa maombi yaliyopokelewa katika muda wa miaka 10, na mengi yake yalikuwa ya wanaume. Kufikia mwaka 2015 ilibainika kwamba katika kazi za ufundi mashine haikuwapima waombaji kwa haki: ombi lililotaja, kwa mfano, klabu ya wanawake, lilipunguziwa alama. Mradi ukavunjwa, na habari zake zikatangazwa na Reuters mwaka 2018. Hakuna aliyeiagiza mashine iwabague wanawake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ilijifunza mazoea ya ofisi iliyoilea, ikayarudia. Basi meneja anayetaka kuleta mashine hana budi kwanza kuyakagua mazoea ya mahali pake, kwani hayo ndiyo yatakayokuwa darasa la mashine.

Kisa cha tatu ni cha Klarna, kampuni ya Uswidi inayoshughulika na malipo ya wanunuzi. Februari 2024 ilitangaza kwamba mashine yake ya akili bandia, katika mwezi wa kwanza tu, ilikuwa imezungumza na wateja mara milioni 2.3, yaani theluthi mbili ya mazungumzo yote ya huduma, na kwamba ilifanya kazi ya watumishi 700. Sifa zikavuma. Mei 2025 mkuu wa kampuni, Sebastian Siemiatkowski, alikiri kwamba gharama zilikuwa zimetazamwa kupita kiasi na ubora wa huduma ukashuka. Mashine haikutupwa, lakini kampuni ikaanza tena kutafuta watu, ili mteja anayetaka kusema na binadamu ampate. Wahenga walikwisha kuonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Ndugu Wasikilizaji, hapa ndipo penye kiini cha jambo. Karani aliyesikiliza malalamiko kwa miaka mingi hajui majibu tu. Analijua hata swali ambalo mteja ameshindwa kulitamka. Ofisi inayomwondoa siku mashine inapoingia humwondoa yule yule awezaye kutambua kwamba mashine imekosea. Na asipoondolewa, lakini akafichwa ukweli, ataisaidia mashine kwa shingo upande. Anayedhani anachimba kaburi lake mwenyewe hachimbi kwa bidii.

Kwa hiyo wajibu wa meneja wa bidhaa ni dhahiri. Kwanza, akusanye maswali halisi ya wateja pamoja na majibu yaliyo sahihi, aipime mashine kwa hayo, na kiwango cha makosa kinachovumilika kiandikwe kabla ya kupima, si baada ya matokeo kujulikana. Pili, mashine iwe na msimamizi mwenye jina, aliye na mamlaka ya kuisimamisha bila kungoja kikao. Tatu, wafanyakazi waitwe tangu siku ya kwanza, waelezwe waziwazi kazi zipi zitabadilika na zipi zitakwisha, nao washiriki katika kuikosoa. Nne, upimaji usikome mashine inapotoka, kwa maana wateja hubadilika, masharti hubadilika, na jibu la jana huweza kuwa kosa la leo.

Liko pia la tano, nalo ni gumu kuliko yote: ujasiri wa kuwaambia wakubwa neno “bado”. Meneja asiyethubutu kulitamka atapongezwa siku ya uzinduzi. Lakini yule mfiwa anayetafuta nauli ya kwenda mazikoni hatahudhuria uzinduzi huo. Yeye atakutana na mashine peke yake, ataamini itakalomwambia, na atalipa kwa fedha zake. Dhamana ya meneja ni kwa mtu huyo, na dhamana hiyo haikabidhiwi mashine.