Sauti Iliyopotea Hairudi kwa Kugeuza Faili
Mazungumzo kwa wakazi kuhusu utunzaji wa rekodi za familia na vikundi



Nyumba nyingi katika kaunti hii zina sauti zilizohifadhiwa: nyimbo za arusi, mahubiri, hotuba za mazishi, na babu akisimulia asili ya ukoo na mipaka ya shamba. Nyingi zilirekodiwa kwa kaseti, kisha zikabanwa ziingie kwenye simu. Leo zinasikika kama mtu anayesema akiwa ndani ya pipa. Wapo wanaoambiwa walipe pesa faili ya MP3 igeuzwe iwe WAV, eti sauti itarudi ilivyokuwa. Je, itarudi kweli?

Hairudi. Ni vizuri kila mmoja ajue sababu kabla ya kutoa pesa, na hasa kabla ya kutupa kaseti.

Sauti ya CD hupimwa mara 44,100 kila sekunde, kwa kila upande wa stirio. Dakika moja huchukua takriban megabaiti 10. Zamani diski zilikuwa ndogo na intaneti ilikuwa ya polepole, hivyo wataalamu, wakiwemo wa Taasisi ya Fraunhofer nchini Ujerumani, walibuni njia ya kubana sauti. Kiwango cha MP3 kilichapishwa mwaka 1993. Faili ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde huchukua takriban megabaiti 1 tu kwa dakika, yaani sehemu moja kati ya 11.

Zile sehemu nyingine zilikwenda wapi? Nyingi zilitupwa. Programu hutafuta yale ambayo sikio huenda lisiyatambue. Ngoma kubwa ikipigwa, mnong'ono ulio karibu nayo hausikiki, basi mnong'ono huo hupunguzwa au huachwa. Sauti nyembamba sana nazo hukatwa. Faili ikibanwa kiasi, wengi hawatambui tofauti. Ikibanwa mno, kayamba husikika kama maji yanayochuruzika, na maneno huanza kufifia.

Faili hiyo ikigeuzwe kuwa WAV, kompyuta huandika tu kile kilichobaki, katika faili kubwa zaidi. Kilo 2 za unga zikitiwa kwenye gunia la kilo 90 hubaki kilo 2. FLAC nayo ni hivyo hivyo: hutunza kila kitu ilichopewa, lakini haiwezi kutunza ambacho haikupewa. Kugeuza MP3 ya kilobiti 128 kuwa MP3 ya kilobiti 320 ni hasara zaidi, kwa sababu sauti hubanwa mara ya pili na kupoteza tena.

Ziko programu za akili unde zinazodai kurudisha sauti. Hizo husaidia kupunguza kelele za upepo au mashine, na sauti ikapendeza. Lakini pale palipopotea, programu hukisia. Kwa wimbo, pengine si neno. Kwa mzee anayetaja jina la mto ulio mpakani, kukisia kunaweza kumtia kinywani jina ambalo hakulitaja. Kwa hiyo faili iliyosafishwa iwekwe kando, na ya awali isifutwe kamwe.

Lipo la kufanya. Kwanza, itafutwe rekodi ya asili: kaseti, CD, au faili iliyo kwenye simu iliyorekodi. Kaseti iliyochakaa inaweza kuwa na sauti nyingi kuliko MP3 iliyotoka kwake. Ihamishwe upya moja kwa moja kuwa WAV au FLAC, bila kupandisha sauti hadi ikakwaruza. Nakala ya MP3 ya kutumia jamaa itolewe kwenye hiyo.

Pili, kama iliyobaki ni MP3 pekee, itunzwe ilivyo. Kuigeuza kuwa WAV kuna faida moja tu: fundi anapotaka kuikata au kuirekebisha, haibanwi tena kila anapohifadhi kazi.

Tatu, mazungumzo muhimu yasirekodiwe kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwa kuwa hubanwa papo hapo. Itumike programu ya kurekodi inayotoa WAV, simu ikiwekwa karibu na msemaji, mbali na upepo. Faili ikitumwa, itumwe kama hati. Nakala ziwe angalau mbili, kila moja mahali pake.

Na ikiwa mzee aliyesimulia yuko hai, pesa za kugeuza faili ziwe nauli ya kumwendea. Aketi, asimulie tena, arekodiwe vizuri. Hiyo ndiyo njia bora ya kuipata sauti yake nzima.