Kwa nini aliyeona njaa anaficha chakula

(Mazungumzo ya mhudumu wa afya na wakazi wa kambi)



Leo tuzungumze juu ya jambo linaloleta ugomvi majumbani. Mtoto anaficha ugali chini ya mkeka. Shemeji anakula mbiombio, tumbo limejaa, bado anatazama sufuria. Binti anasema ameshiba na hajagusa kitu. Majirani wanasema ni ulafi, ni kiburi, au amerogwa. Mimi naomba tuiangalie kwanza njaa yenyewe.

Mwaka 1944, huko Minnesota, Marekani, mtaalamu Ancel Keys alichukua vijana wanaume 36 waliojitolea, wote wazima wa mwili na akili. Kwa muda wa miezi sita walipunguziwa chakula mpaka wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Hawakufukuzwa kwao, wala hawakusikia bunduki. Hata hivyo walianza kulamba sahani, kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi, kuwa wakali na kujitenga na wenzao. Waliporudishiwa chakula, wengine walikula mpaka wakaugua, na bado walisema wana njaa. Na hao waliijua siku ambayo njaa yao ingekwisha! Je, aliyetembea majuma mengi porini bila kujua?

Njaa si sababu pekee. Huzuni nzito huondoa hamu ya kula. Aliyefanyiwa ukatili pengine anakataa chakula kwa kuwa ndicho kitu pekee anachoweza kukiamulia mwenyewe. Wako pia wanaoogopa kunenepa hata wakiwa wamekonda, na ugonjwa huo huonekana zaidi katika baadhi ya koo. Mara nyingine ni malaria, au vidonda vya mdomoni. Mtoto mwenye utapiamlo mkali huukataa hata uji wenye sukari. Kwa hiyo mpelekeni kituo cha afya mapema, msianzie kwa mganga.

Jambo moja la hatari: aliyekaa siku nyingi bila kula asishibishwe kwa mara moja kwa huruma. Mwili wake unaweza kushindwa, hata akafa. Kituoni wanaanza na maziwa maalumu, kidogo kidogo.

Na yule anayeficha ugali, msimpige. Mwekeeni sehemu yake kwenye bakuli lenye kifuniko, mahali anapopaona, ajue kwamba kesho ipo.

Sasa maswali. Mama pale nyuma ameinua mkono.