Walio Nyuma ya Pazia Nao ni Wafanyakazi

(Hotuba iliyosomwa na wachezaji na wasaidizi wa kundi la michezo ya kuigiza mbele ya mkutano wa walimu wanachama, Magwagwa. Imepigwa chapa kama ilivyosomwa.)



Mmezoea kutuona tumevaa nguo za watu wengine, tukisema maneno ya watu wengine. Leo tumekuja na nguo zetu wenyewe, na maneno haya ni yetu. Mmetuomba tuwaeleze jinsi kazi ya kundi la michezo ilivyo wakati wa majira yake, hasa ile sehemu ambayo mtazamaji haioni. Tutaeleza. Kisha nasi tutakuwa na ombi letu.

Majira yetu hufuata kalenda yenu. Mtihani wa kidato cha nne hufanywa mwisho wa mwaka, na ndani yake mna vitabu vya fasihi. Kwa hiyo muhula wa kwanza na wa pili ndio wakati wetu wa mavuno. Mwatuita tuje tuuchezee watoto mchezo walioukuta kitabuni, wauone kwa macho yao. Mtihani wa 2018 hadi ule wa 2022 ulikuwa na Kigogo, mchezo wa Pauline Kea. Kuanzia mtihani wa 2023 ukaja Bembea ya Maisha wa Timothy Arege. Kitabu kikibadilishwa, nasi huanza upya: maneno mapya, mavazi mapya, na deni jipya la kitambaa.

Sasa chukueni siku moja tuliyokuja huku kwenu Magwagwa. Tulilala mjini Kisii. Saa kumi za alfajiri dereva alikwisha amka, anapima mafuta na kutazama magurudumu. Tulipita Nyamira kungali giza. Juu ya paa la gari palikuwa na mabomba ya kusimamishia pazia, yamefungwa kwa mipira. Ndani, miguuni petu, palikuwa na masanduku ya mavazi, jenereta, nyaya, nyundo na debe la misumari. Wachezaji walisinzia. Fundi wetu wa jukwaa hakusinzia, kwa maana alikuwa akihesabu mbao.

Tulipofika shuleni hapakuwa na jukwaa. Palikuwa na bwalo la chakula, nalo lingali lanukia uji. Tulikuwa na saa mbili tu. Meza zikasogezwa pamoja, zikafungwa miguu kwa kamba ili zisiachane mtu akiruka, na juu yake zikatandikwa mbao. Waya ukapitishwa kwenye boriti za paa, pazia likatundikwa. Katika Bembea ya Maisha mama Sara ni mgonjwa, na sisi humlaza kitandani. Kitanda hatukisafirishi, huazimwa bwenini. Mwenye mavazi, naye ni mama mmoja mtulivu sana, akaweka sindano mdomoni na kuanza kushona kanzu iliyopasuka jana yake. Mwenzetu wa mlangoni akaketi na daftari la kiingilio. Mpiga obokano akaenda pembeni kukaza nyuzi zake nane, maana yeye ndiye huwashika watazamaji wakati sisi twabadilisha mavazi.

Mchezo wa asubuhi ulikwenda vizuri. Tukafungua kila kitu, tukapakia, tukaenda shule ya pili, tukafunga tena. Mchezo wa pili ulianza saa nane. Ninyi wenyeji mwajua saa nane katika milima hii ni saa ya nini. Mvua ikashuka juu ya mabati kama lori linalomwaga kokoto. Mchezaji akifungua mdomo, huoni ila meno. Mwenzetu ambaye kazi yake ni kukaa nyuma ya pazia na kitabu, amkumbushe mchezaji aliyesahau, naye sauti yake haikufika hata hatua mbili. Akafanyaje? Akachukua kipande cha ubao na chaki, akawa aandika mwanzo wa kila neno kwa herufi kubwa na kuuinua pale ambapo watazamaji hawaoni. Wachezaji wakasogea ukingoni mwa meza, wanafunzi wakasogezwa mbele, na mchezo ukaendelea mpaka mwisho. Watoto walipiga makofi sana. Waliwapigia watu saba waliosimama mbele. Yule wa chaki alikuwa anakunja nyaya.

Hatusemi hivi ili kuwalaumu watoto. Kazi ya nyuma ya pazia ikifanywa vizuri haionekani, ndivyo inavyotakiwa. Lakini kazi isiyoonekana na mtazamaji isiwe kazi isiyoonekana na mlipaji. Hapo ndipo palipo shida yetu.

Huku kwenu watu wanajua chai. Mchumaji akifika kituoni, majani yake hupimwa kwa mizani, na kilo zake huandikwa. Anaweza kubishana na mizani, lakini mizani ipo. Sisi hatuna mizani. Tufanye hesabu ya mfano tu. Shule moja ikileta wanafunzi 300, na kila mmoja akatoa shilingi 150, hizo ni shilingi 45,000. Shule mbili kwa siku ni shilingi 90,000. Toa gari, toa mafuta, toa chakula na malazi, toa matengenezo. Kinachobaki chagawanywaje? Katika makundi mengi tuliyopata kufanyia kazi, jibu lilikuwa kichwani mwa mtu mmoja. Mchezaji mkuu alipewa kitu. Mchezaji mdogo alipewa kidogo. Mshonaji, fundi na mwenye kitabu walipewa kile kilichoitwa "ya chai", na mara nyingine waliambiwa wangoje shule zilizobaki na deni zilipe.

Tuwape kisa kimoja, bila ya kumtaja mtu, kwa kuwa hatukuja kushtaki. Msimu mmoja fundi wetu alipanda juu ya meza mbili zilizobebana ili afunge waya kwenye boriti. Ya juu ikateleza. Akaanguka, akavunjika mkono wa kulia. Tulimpeleka hospitali kwa fedha za mifukoni mwetu. Mwenye kundi alipoulizwa gharama, alijibu kwamba yule si mchezaji wake, alikuja kusaidia tu. Ndugu zangu, mtu yule alikuwa amekuja "kusaidia tu" kwa majuma kumi na moja mfululizo, asubuhi mpaka usiku. Hapakuwa na karatasi hata moja yenye jina lake. Mkono ulipona ukiwa umepinda, na nyundo haishiki tena vizuri. Siku ile ndiyo iliyotufanya tuanze kuulizana.

Tuliuliza, na tukaona kwamba sheria haikutusahau. Sisi ndio tuliokuwa hatuijui. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yahusu mapatano ya mdomo pamoja na ya maandishi. Kifungu cha 9 chasema kwamba ajira ya miezi mitatu au zaidi sharti iandikwe, na kuiandikisha ni wajibu wa mwajiri. Kifungu cha 37 chasema kibarua akifanya kazi siku za mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, huhesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Mwaka huo huo wa 2007 ilipitishwa sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini. Na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya kutendewa kwa uadilifu na ya kujiunga na chama.

Lakini tusijidanganye. Mwenye kundi aweza kusema: hawa si waajiriwa wangu, tulipatana kwa kazi moja moja, kila mtu ni fundi wa kujitegemea. Na pasipo karatasi, nani atasema sivyo? Msimu mmoja waweza kukatwa vipande vipande na likizo za shule, usionekane kuwa mfululizo. Ndiyo maana twasema haki iliyomo kitabuni haitoshi. Yataka mapatano yaandikwe kabla gari halijawashwa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwenye kundi naye ana mzigo. Shule nyingine huchelewa kulipa mpaka muhula mwingine. Gari huharibika. Wapo walioweka shamba rehani ili wanunue jenereta. Tena wengi wetu tulianza naye kwa urafiki, kama ile desturi ya Abagusii ya risaga, majirani kulima pamoja shamba la mmoja. Lakini katika risaga kila mtu alijua kwamba zamu yake itafika, na shamba lake nalo litalimwa. Mahali ambapo shamba linalolimwa ni la mtu yule yule kila siku, hapo risaga imekwisha. Hapo pana mwajiri na mwajiriwa, hata kama bado twaitana ndugu.

Wengine hutuambia mchezo wa kuigiza si kazi, ni furaha. Husema kundi la Makerere lilipoanza kuzunguka mwaka 1965, na lile la Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1974, watu walitazama bure. Ni kweli. Lakini wale walikuwa kundi la chuo, na mlangoni hapakuwa na mtu aliyekusanya fedha. Kwetu yupo.

Wapo pia waliotuonyesha kwamba mkono wa fundi na mdomo wa mchezaji ni kitu kimoja. Kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakulima na wafanyakazi, wakiwamo wa kiwanda cha viatu na wa mashamba ya chai, walijenga jukwaa lao la wazi kwa mikono yao. Tarehe 2 Oktoba 1977 wakaanza kucheza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Tarehe 16 Novemba serikali ya wakati ule ikaondoa ruhusa, na kabla mwaka haujaisha Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kesi. Mwaka 1982 watu wale walipotaka kucheza tena, jukwaa lenyewe likabomolewa. Fikirini jambo hilo. Waliotaka kuunyamazisha mchezo waliona ya kuwa kumfunga mwandishi hakutoshi, ikabidi pia waangushe mbao na nguzo. Wao walijua thamani ya kazi ya fundi. Je, sisi tunaoishi kwa kazi hiyo tusiijue?

Ndugu walimu, historia yenu yatupa moyo. Chama cha KNUT kilipoundwa mwaka 1957, walimu wa Kenya walikuwa chini ya waajiri wengi: misheni hii, halmashauri ile, kila mmoja na masharti yake. Walidai mwajiri mmoja na masharti mamoja, na mwaka 1967 ikaundwa Tume ya kuwaajiri walimu. Miaka kumi. Hawakuipata kwa kupigiwa makofi na wanafunzi.

Sisi hatuna miaka kumi. Watoto walioingia kidato cha kwanza mwaka 2024 ndio wa mwisho katika mpango wa 8-4-4, na mtihani wao ni wa 2027. Baada yao shule za sekondari ya juu zina mpango mwingine, na fasihi husomwa na wale wanaoichagua. Labda kazi yetu itapungua, labda itapata mlango mwingine, maana katika mpango mpya maigizo na filamu ni somo linalojitegemea. Lakini kundi likivunjika kesho, mshonaji wetu wa miaka mingi ataondoka na nini mkononi? Bila karatasi, ataondoka na sindano yake.

Sasa ombi letu. Ninyi ndio mnaotuita, kwa hiyo mna nguvu ambayo sisi hatuna. Kundi lolote likiandika barua kuomba kuja shuleni, jibuni kwa maswali matatu. Kwanza: mko wangapi, pamoja na wasiopanda jukwaani, na majina yao ni haya? Pili: kila mmoja ameandikiana na mwenye kundi atalipwa kiasi gani na siku gani? Tatu: mtu akiumia katika bwalo letu, nani atalipa? Kundi lisiloweza kujibu, lingoje mpaka liweze. Nanyi kwa upande wenu, shule ilipe siku ya mchezo, ili mwenye kundi asiwe na kisingizio.

Na kwa viongozi wa tawi, twaomba katibu wenu atusaidie kuandika mapatano ya mfano, ukurasa mmoja tu, kwa Kiswahili ambacho dereva na mshonaji wataelewa. Sisi tutayachukua kwa makundi mengine tunayokutana nayo njiani, na kutoka hapo tutazame habari ya kuwa na chama chetu.

Yule fundi aliyevunjika mkono yumo humu ndani. Ameketi nyuma, kama alivyozoea. Hatukumwambia kwamba tutamtaja, na jina lake hatutalisema. Tutakapokuja tena kuwachezea watoto wenu, pazia litafungwa na kijana anayemfundisha yeye, kijana huyo akiwa amesimama juu ya ngazi ya kweli. Ngazi hiyo tumeinunua kwa kuchangishana. Karatasi ya kijana huyo bado haijaandikwa.