Je, Watoto wa Kundi Lile Ni Wazito Kweli?

 

Mama mmoja yuko sokoni, anauziwa unga wa uji. Mwuzaji anamwambia, "Mama, watoto wanaokunywa huu wana kilo 9.3 kwa wastani wakifika mwaka mmoja. Wasiokunywa wana kilo 9." Mama anafungua fundo la leso. Pesa zilizomo ni za sabuni na mafuta ya taa. Je, atoe?

Tuseme mwuzaji hadanganyi. Alipima watoto 5 wanaokunywa: kilo 8.3, 8.8, 9.3, 9.8 na 10.3. Ukijumlisha na kugawa kwa 5 unapata wastani, 9.3. Wasiokunywa walikuwa na 8, 8.5, 9, 9.5 na 10. Wastani, 9. Pengo ni gramu 300. Lakini tazama ndani ya kundi moja: mwepesi na mzito wamepishana kilo 2, na uji ni uleule! Watoto hupishana kwa maumbile ya wazazi, kwa kunyonya, hata kwa malaria ya mwezi uliopita.

Fanya hivi nyumbani. Andika uzito wa watoto wote 10 kwenye vikaratasi, tia katika sufuria, changanya, chota 5 bila kuangalia. Tafuta wastani wa hivyo 5, kisha wa vilivyobaki. Rudia mara nyingi. Pengo la gramu 300 au zaidi litajitokeza mara kwa mara, na hapo hakuna uji uliopikwa. Kwa hivyo mwuzaji hajathibitisha kitu. (Wala hatujui kwamba uji haufai. Watoto 10 ni wachache mno.)

Kazi hii ya sufuria watafiti huifanya kwa hesabu, na mojawapo huitwa jaribio la t. Hulinganisha pengo la wastani na jinsi watoto wenyewe wanavyopishana, na idadi yao pia huhesabiwa. Kwa desturi, kama bahati peke yake ingeleta pengo kubwa namna hiyo chini ya mara 5 katika 100, huanza kuliamini. Aliyeandika hesabu hiyo mwaka wa 1908 ni William Sealy Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin. Ndiyo, bia! Naye shida yake ilikuwa vipimo vichache.

Sasa tuje kwetu. Kuanzia mwaka wa 2012, wajawazito 8,246 wa Bungoma, Kakamega na Vihiga waliandikishwa katika utafiti mkubwa. Vijiji viligawanywa kwa kura, ili mtu asichague familia zenye uwezo. Kuna waliopewa klorini ya maji, kuna waliojengewa vyoo bora, kuna waliowekewa mahali pa kunawa mikono kwa sabuni. Wengine walipata ushauri wa lishe na, mtoto akitimiza miezi 6, vipakiti vya chakula laini chenye mafuta, vitamini na madini. Wengine walipata vyote, na wengine hawakupata lolote kati ya hayo.

Matokeo yalitolewa mwaka wa 2018. Watoto wa takriban miaka 2 waliopata lishe walikuwa warefu zaidi kwa wastani, na pengo hilo halikuwa la kubahatisha. Lakini kweli si lazima iwe kubwa: lilikuwa karibu nusu sentimita. Maji, choo na sabuni bila lishe havikuongeza urefu, wala kuhara hakukupungua. Utafiti ndugu wa Bangladesh ulikuta kuhara kumepungua, kwa hivyo mama, usitupe sabuni.

Turudi sokoni. Mama amwulize mwuzaji: ulipima watoto wangapi, na nani aliwachagua? Akijibiwa "watano, wa majirani zangu", afunge leso yake. Na akitaka kujua mwanawe anaendeleaje, wastani wa watoto wa wengine hautamwambia. Ampeleke kliniki apimwe, na atazame mstari wake katika Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto, kama unapanda au umelala.

Wiki ijayo tutazungumzia chanjo ya surua. Kwaherini.