Damu Ipoteayo Bila Kuonekana: Mazungumzo kwa Wananchi wa Mkolani



Nimeombwa nizungumzie upungufu wa damu. Nitasema juu ya ule unaorudi kila mara baada ya kutibiwa.

Katika ukanda wetu wa Ziwa Victoria, sababu za kawaida twazijua. Minyoo ya safura hufyonza damu tumboni. Kichocho cha tumbo huathiri ini na kuvimbisha mishipa ya koo la chakula, hata mgonjwa akatapika damu. Vidonda vya tumbo navyo huvuja. Ndiyo maana wengi huanza kwa dawa za minyoo na vidonge vya madini chuma, nao hupona.

Lakini wako wachache ambao damu yao hupanda, kisha hushuka tena. Huongezewa mara ya pili na ya tatu, pasipo mtu kuuliza inakokwenda. Huenda inavuja katika utumbo mwembamba, na pengine chanzo ni uvimbe. Uvimbe huo ni wa nadra, nao hujificha. Kamera ipitishwayo mdomoni huishia mwanzo wa utumbo huo. Ipitishwayo njia ya haja kubwa hutazama utumbo mpana. Katikati hubaki mita kadhaa zisizoonekana. Kwa hiyo majibu mazuri ya kamera hizo mbili hayatoshi kusema kwamba hakuna ugonjwa.

Hatua ifuatayo yaweza kuwa kipimo cha CT cha tumbo. Tangu mwaka 2001 ipo duniani kamera ndogo imezwayo kama kidonge, ila haipatikani kila mahali, na yaweza kunasa palipo na mzibo. Wakati mwingine ni upasuaji unaotoa jibu na kuondoa uvimbe papo hapo. Uvimbe wa saratani ukichelewa kugunduliwa, huweza kusambaa.

Ombi langu ni hili. Tunzeni majibu yote ya vipimo vya damu pamoja na tarehe zake. Choo kikiwa cheusi kama lami, mwelezeni mganga bila kuona haya. Mtajieni pia vidonge vya madini chuma, maana navyo hukifanya cheusi. Damu ikishuka tena, ulizeni kuhusu rufaa, hata kufika Bugando ikibidi. Anayetapika damu au kuzimia apelekwe hospitali mara moja.

Kuongezewa damu huokoa maisha, lakini hakuzibi panapovuja.